Shaba na Jirani Zake

Wapo wasemao kwamba tabia ya mtu imo ndani yake kama mafuta yalivyomo ndani ya ufuta. Popote umwekapo atakuwa yule yule. Wapo pia wasemao kwamba mtu ni jirani zake, na samaki mmoja akioza wote wameoza. Katika chuo cha ualimu nilizisikia hoja hizi zikipambana kila tulipojadili mwanafunzi wa kufukuzwa. Nadhani chumvi mbili za shaba zaweza kutusaidia.

Ya kwanza ni mrututu, ile chumvi ya buluu ambayo wakulima huichanganya na chokaa ili kukinga mimea na ukungu. Ya pili ni asetati ya shaba, itokanayo na shaba na asidi iliyomo katika siki. Shaba ya chumvi hizi mbili ni ya namna moja: kila ayoni yake ina elektroni moja isiyo na mwenzi, nayo ni kama sumaku ndogo mno. Katika fuwele ya mrututu kila ayoni ya shaba imezungukwa na maji na salfeti, mbali na wenzake. Kwa hiyo mrututu huvutwa kidogo na sumaku, na kadiri unavyopozwa ndivyo unavyovutwa zaidi.

Asetati ni kinyume. Mwaka 1952 Bleaney na Bowers, wanafizikia wa Oxford, walieleza kwamba ayoni zake za shaba hukaa mbili mbili. Mwaka 1953 uchunguzi wa fuwele kwa eksirei ukathibitisha. Kati ya hao wawili pana kama robo ya sehemu moja ya milioni ya milimita, nao wameunganishwa na vikundi vinne vya asetati. Kupitia viungo hivyo kila mmoja humgeuza mwenzake aelekee upande wa pili. Chumvi ikipozwa sana, nguvu zao hufutana, na sumaku ya shaba haionekani tena. Ikipata joto, hurudi.

Je, shaba ile ilikuwa mbovu? Hasha. Haikupoteza kitu. Anayeipima ikiwa baridi na kuandika "hakuna kitu" amepima mpangilio, hakuipima shaba.

Lakini mtu si fuwele. Shaba haichagui jirani, mtu huchagua. Kijana aibaye anajua kuwa anaiba, na kumwambia kwamba kosa ni la wenziwe ni kumvua utu wake. Hata hivyo hakuchagua bweni, darasa wala mwalimu. Sisi wakubwa ndio tuliompangia. Ndiyo maana naona kuadhibu kosa ni haki, ila kuihukumu asili ya mtu si haki kabla ya kumbadilishia mahali.

Neno "hafai" likishaingia katika faili halitoki kwa urahisi. Anayetaka kuliandika na ajiulize kwanza: nimewahi kumpima kijana huyu akiwa pengine?