Shati la Aliyepotea ni Amana ya Nani?

Tungependa kuwaeleza ndugu zetu suala tulilokutana nalo bara, ambalo tangu siku ile halijatutoka moyoni.

Tulikwenda Kitale kwa darsa. Baada ya sala ya alasiri alitujia mwanamke wa Kiislamu pamoja na mwanawe, kijana mkubwa, akatutolea bahasha. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho cha mumewe na picha moja iliyokunjika pembe. Shati lake, alisema, liko upande wa Bungoma kwa mavyaa yake, limefungwa sandukuni wala halifuliwi. Mumewe alikwenda kwao Cheptais mwezi wa Machi 2008, wakati wa operesheni ya jeshi, na hapana aliyemwona tena. Shemeji yake amemwambia aichome ile picha, maana kuweka picha ni haramu. Mavyaa asema shati lisiguswe mpaka mwenyewe arudi. Naye alikuwa na neno moja tu: "Shekhe, mimi ni mke au ni mjane?"

Huenda wengi wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu hawayakumbuki mambo ya Mlima Elgon. Ugomvi wa ardhi ya makazi ya Chebyuk ulizaa kundi lililojiita Jeshi la Kulinda Ardhi ya Wasabaot, ambalo tangu mwaka 2006 liliua watu, likawatoza wengine kodi kwa nguvu, na likawakata masikio waliolipinga. Machi 2008 Serikali ikapeleka jeshi, na operesheni ikaitwa Okoa Maisha. Wanaume walikusanywa vijijini, wengi wakapelekwa kambi ya Kapkota kuchunguzwa. Wako waliorudi na wako wasiorudi. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2011, lilikadiria kuwa waliopotezwa na pande zote mbili, wale wa msituni na wale wa Serikali, ni kiasi cha watu 300. Kesi ikapelekwa mpaka Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na mwaka 2012 ikakwama katika rufani kwa hoja kwamba muda wa kudai umepita. Wala asiseme mtu kuwa hayo ni ya Bungoma, sisi hayatuhusu. Pwani yetu nayo ina nyumba ambazo vijana wao walichukuliwa na watu wasiojulikana, na mama zao mpaka leo wangali wamezitunza kanzu zao.

Tuanze na ile picha, maana hilo ni jepesi. Wanazuoni wamekhitalifiana katika picha ya kamera, na Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala nzima kuonyesha kuwa inajuzu, kwa kuwa ni kuzuia kivuli cha alichokiumba Mungu, si kuumba kingine. Hata asiyeifuata kauli hiyo, kitambulisho chake mwenyewe kina picha, na hapana aendaye Hija bila ya picha yake katika pasipoti. Kilichokatazwa ni kuitukuza. Mwanamke yule hakuitundika akaifukizia udi, ameificha bahashani ili siku atakapoulizwa, "Mumeo alikuwa nani?" awe na jawabu. Kumwambia aichome ni kumwambia akanushe kuwa mtu huyo alipata kuwako.

Ama suala lake yeye, vitabu vyetu vinalijua. Mtu wa namna hii aitwa mafqudi. Katika kauli mpya ya Imamu Shafii mkewe hungoja mpaka ithubutu kuwa amekufa. Katika kauli yake ya kale, na ndiyo ya Imamu Malik kwa kufuata hukumu ya Sayyidna Umar, hungoja miaka 4, kisha hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, na baada ya hapo yu huru. Sheria ya Kenya nayo humdhania mtu amekufa akitopatikana kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangepata khabari zake. Mwanamke huyu amekwisha kupita kipimo cha Umar na kipimo cha Serikali, na hapana hata mmoja katika ukoo aliyemfikisha kwa kadhi. Wamelitunza shati, wakamsahau aliyekuwa akilifua.

Hapa ndipo tunapoona kosa, na kosa si la kuweka vitu. Madamu kadhi hajahukumu, mali ya mafqudi ni mali yake, hairithiwi. Basi mavyaa kwa sasa ana haki kulifunga sanduku, naye ni mwenye kushika amana. Lakini siku kadhi atakapohukumu, shati lile huwa ni mali ya warithi: mama apata sudusi, mke apata thumuni, na kinachobaki ni cha mwana. (Yule shemeji aliyeamrisha kuchoma hana fungu, kwani mwana amemzuia.) Wakipenda wamwachie bibi shati lote, ni vyema. Lau kijana angekuwa mdogo, hata hilo lisingejuzu, maana hakuna awezaye kusamehe fungu la yatima kwa niaba yake.

Mtu atasema: haya yote kwa shati moja kuukuu? Naam. Nabii Yaakub aliletewa kanzu ya mwanawe ina damu ya uongo, na wafasiri wasema aliitazama akaona haikuraruka, akastaajabu mbwa mwitu gani aliyemla mtoto asiitoboe nguo yake. Nguo ile iliwashuhudia walioileta. Na miaka baadaye ilikuwa kanzu nyingine ya Yusuf iliyorudisha nuru ya macho yake. Basi asilaumiwe mzazi anayetunza nguo. Yaakub alingoja, na kungoja kwake hakukumpunguzia daraja.

Liko zito zaidi. Miongoni mwa waliopotea mlimani wamo waliochukua silaha, nao pia mama zao wana picha zao. Jirani aliyekatwa sikio apita mlangoni, aiona picha ile, je, si kumtonesha kidonda? Twakumbuka siku ya Badri, Abul-Aas alipotekwa akiwa upande wa makafiri, na mkewe Zainabu, binti wa Mtume, akapeleka mkufu ili amkomboe. Mtume alipouona aliutambua kuwa ni wa Khadija, marehemu mkewe, moyo wake ukalainika mno. Lakini hakuurudisha kwa amri yake. Aliwaomba Masahaba, wakiona vyema, wamwachie mateka na wamrejeshee binti mkufu wake, kwa kuwa haki ilikuwa yao. Huruma ilikuwa kubwa, na haki ya wengine haikuguswa. Basi mama wa mpiganaji na aitunze picha ya mwanawe na kumlilia, hapana wa kumzuia. Ila asimwambie jirani kuwa lile sikio halikukatwa. Na walioamrisha malori nao wasituambie kuwa hakuna aliyepandishwa.

Tuliandika barua kwa kadhi jioni ile ile, tukamwambia mama asiitoe bahasha mkononi mwake, apeleke nakala tu. Kijana aliitazama picha kwa muda, akauliza kama atapata nakala yake nyingine, na ile ya asili wampelekee bibi yake, aiweke pamoja na shati.