Safari ya Bure

Mtu akionekana alfajiri anafunga mzigo nyuma ya pikipiki, jirani zake watamwuliza neno moja: «Nani amekufa?» Akijibu kwamba hakuna aliyekufa, watauliza tena: «Basi ni harusi? Ni biashara? Umeitwa na wakubwa?» Na akisema kwamba anakwenda tu kumwona rafiki yake anayekaa mbali, watanyamaza kidogo, kisha mmoja atasema: «Kumbe ni safari ya bure.»

Wasomaji wapenzi, neno hilo «bure» lataka kuangaliwa vizuri, kwa maana katika lugha yetu lina maana mbili. Kazi ya bure ni kazi iliyopotea, isiyo na faida. Lakini kitu kilichotolewa bure ni kitu kisichouzwa, mtu amekitoa kwa moyo wake. Jirani afikiri maana ya kwanza. Mimi nauliza kama si maana ya pili. Tena nauliza swali la haki kabisa: mtu mwenye mke na watoto, mwenye feza kidogo, aweza bila kosa kutumia siku nyingi na mafuta mengi kwa kwenda kumwona mtu asiye wa ukoo wake, ambaye hakumwita?

Kwa ajili ya kifo hatuulizi swali hilo. Habari ya msiba ikifika, feza hupatikana. Watu hukopa, hukodi kamyo, hulala nje siku tatu, na hakuna anayehesabu franga. Simlaumu mtu kwa hiyo, kwani kuzika wafu ni tendo la huruma. Lakini tazameni jambo hili la ajabu: kwa miaka kumi tunamnyima rafiki uso wetu, halafu tunauleta siku ile asiyoweza kuuona.

Wengine watanijibu kwa methali: «Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.» Ndiyo, ni methali ya kweli. Lakini yatufundisha namna ya kumpima rafiki, haituambii urafiki ni kitu gani. Kama rafiki ni wa dhiki tu, basi amekuwa kama dawa iliyowekwa kabatini: hakuna anayeifungulia dawa kabati siku ambayo kichwa hakimwumi.

Mwenye hekima Aristote, aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristu, alitofautisha urafiki wa namna tatu. Kuna watu wanaopendana kwa sababu ya faida, wengine kwa sababu ya furaha wanayopata pamoja, na wengine kwa sababu kila mmoja ampenda mwenzake mwenyewe, kwa wema wake. Faida ikiisha, urafiki wa kwanza waisha. Juu ya umbali alisema neno la kufikiriwa sana: umbali hauvunji urafiki wenyewe, wazuia tu matendo yake, lakini kutokuonana kukidumu, urafiki nao wasahauliwa. Maana, kwake yeye, tendo kubwa la marafiki si kusaidiana. Ni kuishi pamoja na kuzungumza.

Lakini leo tuna simu! Hata katekista wa kijijini aweza kutuma sauti yake mpaka Kalemie kabla chai haijapoa. Sidharau simu. Imetuletea habari za watu tuliodhani wamepotea. Lakini mwajua jinsi tunavyojibu kwenye simu. «Habari?» «Nzuri.» «Nyumbani?» «Wazima wote.» Anayeandika barua au anayetuma sauti huchagua la kusema, na mara nyingi huchagua lile lisilomsumbua mwenziwe. Mzee aliyeandika barua ya pili na ya tatu za Yohane alijua jambo hili: zote mbili anazikata fupi, anasema ana mengi ya kuandika lakini hataki kuyaandika kwa wino, atumaini kufika na kusema uso kwa uso. Na huyo alikuwa mtu wa kuandika!

Kuna mfano mwingine ninaoupenda kwa sababu una kicheko ndani yake. Katika karne ya 4, Basili na Gregorio wa Nazianze walisoma pamoja Athene, wakawa marafiki sana. Baadaye Basili alikwenda kukaa mahali pa upweke huko Ponto, kando ya mto Iris. Akamwandikia Gregorio akisifu mahali pale: mlima, msitu, mto wenye samaki. Gregorio akaenda. Akakuta nini? Nyumba isiyo na paa la maana wala mlango, na mkate mgumu wa kushinda meno, mpaka mama yake Basili akawaokoa kwa chakula. Akiisha kurudi kwake alimwandikia rafiki yake barua za kumcheka. Lakini kisha aliandika nyingine, akaacha mchezo, akasema jinsi anavyozitamani siku zile za kusali pamoja, kubeba kuni, kuchonga mawe na kupanda miti. Basi barua ya Basili ilionyesha mto tu. Safari ndiyo iliyoonyesha mlango usiokuwako, na mlango ule usiokuwako ukaingia katika urafiki wao.

Tena watu hawa hawa watuonyesha upande wa pili. Mwaka 372 Basili, akiwa askofu mkuu, alimweka Gregorio kuwa askofu wa Sasima, mahali padogo pa njia panda, kwa sababu alikuwa na shindano juu ya mipaka ya jimbo lake. Gregorio aliona ametumiwa kama chombo, na urafiki ukapata jeraha. Walikuwa watakatifu wote wawili. Hata hivyo, rafiki alipofanywa kuwa na faida, aliumia.

Mimi mwenyewe, wakati mmoja wa kiangazi, nilitoka Lubumbashi peke yangu kwa pikipiki mpaka Pweto, kumwona mwenzangu tuliyesoma naye seminarini. Ni zaidi ya kilometa 400. Unapita Kasomeno, unashuka kuelekea ziwa Moero, unafika Kilwa, kisha unafuata upande wa ziwa mpaka kaskazini, pale mto Luvua unapotoka kuanza safari yake ya kwenda Lualaba. Vumbi liliingia mpaka ndani ya kitabu cha sala. Kila nilipopumzika waliniuliza habari za msiba, na mama mmoja mwuza samaki, niliposema hakuna msiba, alinitazama kwa huruma kuliko kama ungalikuwako.

Kwa nini peke yangu? Tunapokwenda wengi tunakuwa ujumbe: kuna msemaji, kuna mwenye kutunza feza, kuna salamu za wakubwa. Mwenyeji hutupokea kama ujumbe, naye huvaa kanzu yake nzuri. Aendaye peke yake hana mtu wa kujificha nyuma yake. Hata njiani, gurudumu likitoboka, itampasa kumwomba mtu asiyemjua, na hivyo ajifunza kupokea kabla hajafika. Sisemi mtu asafiri ovyo. Busara nayo ni fadhila: usipite njia usiyoijua usiku, waambie watu wa nyumbani utalala wapi, na ukisikia njia ina hatari, rudi.

Kwenye simu rafiki yangu alikuwa mzima siku zote. Nilipofika nilimwona anatembea kwa fimbo. Nyonga yake ilikuwa ikimwuma tangu miaka miwili, wala hakupata kuniambia, kwa sababu, alisema, ungefanya nini huko Lubumbashi? Ni kweli, singeweza kufanya kitu. Hata hapo Pweto sikufanya kitu. Nilitembea polepole kando yake mpaka ziwani, ndilo tu. Jioni ya pili naye aliniambia neno moja juu yangu, ambalo sitaliandika hapa, na ambalo mtu hawezi kuliambiwa na sauti iliyo katika chombo. Yataka aliyelisema awe bado ameketi mbele yako likiisha kusemwa.

Sasa nirudi kwenye swali la haki, kwa maana jirani hakukosa kabisa. Lita 25 hivi za esanse, kwenda na kurudi, si kitu kidogo. Karo ya watoto yatangulia, na dawa ya mgonjwa nyumbani yatangulia. Anayeliacha deni la nyumba ili apendeze rafiki atoa kisicho chake. Hapo ningekubali neno «bure» kwa maana yake mbaya. Wengine watasema: mpelekee rafiki feza hiyo ya mafuta, itamfaa zaidi. Labda. Lakini feza nikiituma yasema «chukua». Nikifika mimi, nasema kwamba yeye mwenyewe atosha kuwa sababu ya safari. Maneno hayo mawili si sawasawa, na sioni jinsi la kwanza liwezavyo kushika mahali pa la pili kwa miaka yote.

Tena wako wasioweza. Mwaka 2000, vita vilipofika Pweto, watu maelfu walivuka kwenda Zambia, na jamaa na marafiki wakatengana kwa miaka. Mgonjwa hawezi, mfungwa hawezi, mjane mwenye watoto saba hawezi. Kwa hao, barua au sauti ya simu ni urafiki mzima, wala asitokee mtu kuwahukumu. Ninasema na yule awezaye, anayesema kila mwaka «kiangazi kijacho».

Na mwenye kwenda amfikirie mwenyeji. Aristote huyo huyo ashauri kwamba kwa rafiki aliye katika taabu twende mbio bila kuitwa, lakini tusiende haraka mahali tunapokwenda kufaidika. Sisi tuna jembe la siku ya tatu, tunajua. Mgeni aletaye njaa yake huweza kumaliza kuku wa nyumba nzima, na mke wa rafiki hatasema kitu, atacheka tu na kukopa mafuta kwa jirani. Mimi nilichukua sabuni, chumvi, na kilo kumi za unga wa mahindi. Shemeji alipokea sabuni kwa mikono miwili. Unga aliutazama, akaniuliza kama huko Lubumbashi tumesikia kwamba Pweto hakuna mihogo.