Beki Asiyepiga Kumbo
Msikilizaji, wengi huamini kwamba beki wa hoki ya barafu lazima awe mbabe. Nicklas Lidström wa Sweden anatupa sababu ya kutilia shaka. Detroit Red Wings, timu ya ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini, walimchagua mwaka 1989, wa 53 katika orodha ya wachezaji wapya wanaogawanywa kwa timu, akaja kuwachezea misimu 20, mechi 1,564. Dakika zake za adhabu ni 514, hata nusu dakika kwa mechi haifiki. Alisimama panapostahili, akanyoosha fimbo, njia ya mpinzani ikafungwa. Atasema mtu: alizungukwa na nyota. Kweli, makombe yake manne ya Stanley, ya ubingwa wa ligi hiyo, hayabebwi na mmoja. Lakini tuzo ya Norris, ya beki bora, hupewa mchezaji, si timu. Naye aliitwaa mara saba, ya mwisho akiwa na miaka 41.