Mkuki wa Nyumbani, Lawama ya Nyumbani

Pale kijiweni kwetu Bagamoyo, karibu na soko la samaki, hakuna hoja inayokosa mwenyewe. Kuna wa Simba, kuna wa Yanga, na kuna rafiki yangu mmoja ambaye hoja yake ni moja tu: makombora. Yalimwingia kichwani mwaka 2024, wakati wanajeshi wa China, Tanzania na Msumbiji walipofanya zoezi la pamoja pale Mapinga, kwenye kituo cha mafunzo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018. Mapinga si mbali, ni njia yetu ya kwenda Dar. Meli za kivita za Wachina nazo zikatia nanga bandarini Dar es Salaam. Basi jamaa akarudi kijiweni macho yamemtoka.

"Mpaka lini, jamani?" akasema. "Kituo tujengewe, meli tuonyeshwe! Kwa nini tusitengeneze wenyewe kombora la kupiga meli, na la kutungulia ndege?"

Washikaji wakacheka. Mimi sikucheka. Ndugu msomaji, tangu siku ile swali hilo linaninyima usingizi, maana si swali la vyuma tu. Je, ni halali kwa nchi ambayo bado ina watoto wanaokaa chini darasani kujitengenezea vitu vya kuua? Na kama ni halali, ni kwa sharti gani?

Kwanza nikiri kwamba rafiki yangu ana hoja. Kutoka ufukweni kwetu, Unguja iko hapo ng'ambo tu. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, meli za Waingereza zilianza kulipiga jumba la Sultani kule, kwa kuwa Khalid bin Barghash alikalia kiti bila ridhaa yao. Kazi ilikwisha kwa muda wa dakika arobaini hivi. Upande wa Unguja watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Si kwamba Khalid hakuwa na silaha. Alikuwa na bunduki za Maxim, na ilikuwepo meli ya Sultani, Glasgow, ikiwa na mizinga yake. Lakini meli hiyo ilijengwa Uskoti! Yaani mwenye kuiunda na mwenye kuizamisha walitoka kisiwa kimoja. Iliwapiga Waingereza, nao wakaizamisha pale pale bandarini.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na wala tusidhani mambo hayo ni ya zamani. Mwaka 1982 Argentina ilipopigana na Uingereza kugombea visiwa vya Falkland, ilikuwa na makombora ya Kifaransa ya Exocet. Tarehe 4 Mei moja lilipiga manowari ya Sheffield, ikaungua na baadaye kuzama. Dunia ikashangaa. Lakini makombora yale ya kurushwa kutoka kwenye ndege yalikuwa matano tu, na Ufaransa ilikwisha kufunga duka. Yalipokwisha, yalikwisha. Ama kweli, anayekuuzia ngao ndiye anayeamua siku zako za kujikinga.

Kwetu je? Mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya ilitumwa kuishambulia Mwanza kumsaidia Idi Amin. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama, wakafa swala. Tunasimuliana tukicheka. Lakini hebu fikiri: rubani angelenga vizuri, tungecheka? Bahati si ulinzi. Na si kwamba hatujui kutengeneza kitu. Shirika la Mzinga kule Morogoro linatengeneza risasi, na Nyumbu, hapo Kibaha katika mkoa wetu huu huu wa Pwani, waliunda lori. Kutoka risasi hadi kombora ni safari ndefu na ya gharama, lakini kila safari ina hatua ya kwanza.

Mpaka hapo mshikaji wangu angenipigia makofi. Hapa ndipo tunapoachana.

Yeye anaamini silaha ikiwa ya nyumbani basi imekuwa njema. La hasha! Tazama Afrika Kusini. Umoja wa Mataifa ulipoiwekea vikwazo vya silaha mwaka 1977, makaburu walizidi kutengeneza za kwao, na zilikuwa za kuulinda ubaguzi. Ubaguzi ukaanguka mwaka 1994, ujuzi ukabaki. Leo manowari za nchi hiyo zina kombora la kutungulia ndege linaloitwa Umkhonto, na hata Finland imelinunua. Umkhonto maana yake mkuki. Ni neno lile lile la Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC ambalo wapiganaji wake tuliwapa kambi Kongwa. Jina la mkuki wa mkombozi limebandikwa kwenye ujuzi uliolelewa na mkandamizaji. Chuma hakina uzalendo, bwana. Kinakwenda na aliyekishika.

Jibu langu sikulipata kitabuni. Nililipata kwa mjomba wangu. Mjomba ni mvuvi, na mkono wake wa kushoto umebaki na vidole viwili. Jioni moja tulimkuta akishona nyavu zake. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na rafiki yangu akaanza hotuba yake ya makombora. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauinua ule mkono.

"Unauona? Enzi zile tulikuwa tunapiga samaki kwa baruti. Chupa iliyonipasukia niliijaza mwenyewe. Ningeinunua, leo ningekuwa namlaani aliyeniuzia. Lakini niliijaza mwenyewe, mwanangu. Nimlaumu nani?" Akanyamaza kidogo. "Tena mimi nina nafuu, niliulizwa na mkono wangu. Mwamba tuliouvunja, na samaki wake wadogo, nani aliwajibu?"

Nilirudi nyumbani sina la kusema. Mjomba alikuwa amesema kwa maneno machache kitu ambacho nilikuwa nakitafuta kwa wiki nzima. Faida ya kutengeneza mwenyewe si nguvu peke yake. Ni kwamba hubaki na wa kumsingizia. Lakini hiyo ni faida pale tu ambapo yupo wa kuulizwa, naye anajibu.

Sasa tuje Mbagala. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka pale, watu zaidi ya ishirini wakafa, nyumba zikabomoka. Hatujakaa sawa, tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka ya Gongo la Mboto, wakafa tena zaidi ya ishirini. Waliokimbia makwao wakalala Uwanja wa Uhuru, na watoto wakapotezana na wazazi wao. Silaha zile hazikurushwa na adui. Zilikuwa zetu, zimekaa ghalani kutulinda. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sisi tuliuonja kabla hata ya kumwona nguruwe.

Msimamo wangu basi ni huu. Nchi ina haki ya kujitengenezea ngao, na ngao ya kutungulia ndege inayokuja kutuua si dhambi kuliko ukuta wa nyumba. Kombora la kuzamisha meli linahitaji mizani nzito zaidi, kwa kuwa linaweza kumfuata hata asiyekuja kwetu. Lakini kabla ya kiwanda, tujenge kwanza desturi ya kuulizana. Michoro iwe siri, sawa. Idadi ya waliokufa, sababu ya kufa kwao, na jina la aliyetakiwa kulinda ghala, hivyo visiwe siri. Taifa lisiloweza kumuuliza mtunza ghala halijawa tayari kumwamini mtengeneza kombora.

Nilimweleza rafiki yangu hayo. Akanikatisha: "Wewe andika hadithi zako, mambo ya ulinzi waachie wenyewe."

Wenyewe ni akina nani? Sisi vijana tunaoota kuandika riwaya hatutaunda kombora hata siku moja. Lakini kuuliza tunaweza, na kuuliza hakuhitaji kiwanda. Juzi mjomba alimwita jamaa akamwambia, "Siku mkilitengeneza hilo lenu, niletee jina la mtu mmoja tu. Likianguka kwangu, nijue mlango wa kubisha hodi."

Rafiki yangu bado hajamletea.