Muadhini Aliye Ndani ya Ubongo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, Sura An-Naba yataja usingizi, kisha usiku, kisha mchana, katika neema tulizopewa. Wengi wetu twaihifadhi tangu chuoni, wala hatuizingatii. Basi leo na tujifunze kwa kiumbe tunachokidharau: panya.

Katika ubongo wa panya, chini ya fuvu, mna tezi ndogo iitwayo pineali. Nasi tunayo mfano wake. Wataalamu walioichungua kwa hadubini ya elektroni wameona ndani ya seli zake vijiti vidogo mno, vimezungukwa na vifuko kama punje za mtama juu ya suke. Katika wanyama wengi wa jamii ya panya, vijiti hivyo huzidi usiku na kupungua mchana. Na usiku ndipo seli hizo hutoa kwa wingi homoni ya melatonini, iliyotambuliwa mwaka 1958 na Aaron Lerner na wenzake huko Marekani.

Tezi hiyo haioni giza yenyewe. Habari hutoka jichoni, hushuka hadi uti wa mgongo, hupitia shingoni, ndipo hupanda tena kuifikia. Mwangaza ukimpiga panya machoni usiku, kazi hiyo hukatika upesi.

Tena zingatieni: panya huhangaikia riziki yake usiku, nasi hulala, lakini homoni hiyo hutoka usiku kwetu sote. Basi kazi yake ni ya muadhini: hutangaza kuwa wakati umeingia, na kila mmoja hutenda limpasalo. Ama fuko asiye na manyoya, aishiye mashimoni pande za Mtito Andei, ambako usiku na mchana ni mamoja kwake, tezi yake ni ndogo mno, kama iliyonyauka.

Je, sisi wa Nyali, tuliopewa usiku na mchana, mbona twataka kuishi kama fuko? Harusi zapigiwa vipaza sauti hadi saa nane za usiku. Watoto walala na simu usoni. Na Alfajiri safu moja haijai. Hatuwasemi mabawabu, wauguzi wala wavuvi, ambao riziki yao i usiku. Twawasema wenye hiari.

Na tuanze na nafsi zetu. Darsa yetu wenyewe imekuwa ikipita saa tano za usiku, nasi tukiona fahari. Asubuhi yake wanafunzi wetu hawaonekani msikitini. Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia mazungumzo baada ya Isha. Wanavyuoni wameruhusu ya elimu, lakini elimu gani hii imwangushayo mtu katika faradhi? Mgonjwa wa jirani naye ana haki ya usingizi, na sauti yetu humfikia kitandani.

Kwa hivyo tumekata shauri: darsa itakuwa baina ya Magharibi na Isha, bila ya kipaza sauti cha nje. Atakayetuona tumevunja ahadi, na atukumbushe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitambua alama Zake, hata zilizomo katika kichwa cha panya. Amin.