Vitu vya Watu

Mwezi wa sita nilirudi nyumbani Tanga kuandika tasnifu yangu ya shahada ya uzamili. Chumba nilichokuwa nakaa na wenzangu wawili Dar es Salaam kilikuwa na kelele, na nyumbani kulikuwa na banda la gari ambalo halijawahi kulaza gari tangu tuhamie. Limejitenga na nyumba, liko uani: mita tatu kwa tano, kuta za tofali, paa la bati, mlango wa chuma wa mabawa mawili. Aliyetuuzia nyumba alikuwa na gari. Baba hakuwa nalo, akaligeuza banda kuwa karakana ya redio, televisheni na pasi. Tangu afariki miaka mitatu iliyopita, kufuli lake lilifunguliwa tu mtu alipotaka jembe.

Mpango wangu ulikuwa wa wiki moja. Niliuandika kwenye simu: kutoa takataka, kupiga rangi nyeupe, kuweka dari ili joto la bati lipungue, kuvuta waya mpya kutoka nyumba kubwa, kuweka meza chini ya dirisha. Nilipomsomea mama, aliuliza swali moja: "Takataka zipi, mwanangu?"

Nilihesabu vitu 43. Kila kimoja kilikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu: "Mama Barabara ya 12", "Mzee wa samaki", "Mwalimu, mrefu". Vingine vilikuwa na namba za simu, baadhi zikianza na 0744, za enzi zile kabla hazijawa 0754. Juu ya meza kulikuwa na daftari gumu lenye tarehe, ugonjwa wa kifaa, bei, na neno "imepona" kwa vile vilivyotengemaa. Ukutani baba alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: KIFAA KIKIZIDI MIEZI 3 KITAUZWA. Nilipitia daftari lote. Hakuna alichouza.

Kaka alinipigia kutoka Dodoma akaniambia nimwite mnunuzi wa vyuma chakavu. Hoja zake hazikuwa mbaya. Tangazo lipo ukutani, miezi mitatu imepita mara kumi. Na siku ya maziko baba mdogo alisimama mbele ya watu akatangaza kuwa anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, ajitokeze. Hakujitokeza mtu. "Sasa unamwogopa nani?" aliniuliza.

Nasoma falsafa, kwa hiyo swali hilo nilikuwa nimeshakutana nalo darasani. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1788 kuhusu akili ya vitendo, anatoa mfano wa mtu aliyeachiwa amana, kisha mwenyewe akafa bila kuacha maandishi. Je, anaweza kuikana? Kant anasema hapana: kama kila mtu angeruhusiwa kukana amana isiyo na ushahidi, hakuna ambaye angeweka amana tena, na kanuni hiyo ingejiua yenyewe. Baadaye Hegel alimpinga kwa kuuliza, kwa kifupi, kuna ubaya gani amana zikikosekana duniani. Nilipofanya mtihani nilimpa Hegel ushindi. Nikiwa nimesimama katika banda lile, jasho likinitoka, niliona kwamba hakuna kati yao aliyenijibu. Nilijua siwezi kuvikana vitu vile, maana majina ya wenyewe yalikuwa mbele ya macho yangu. Nilichotaka kujua ni lini mtunzaji anaruhusiwa kuacha kutunza.

Nikaanza kupiga simu. Namba nyingi zilikuwa zimekufa. Nyingine zilikuwa zimehamia kwa watu wa Mwanza au Mbeya waliodhani mimi ni tapeli. Lakini mtu mmoja aliposikia "fundi" alinyamaza, kisha akasema atakuja. Alikuja baada ya magharibi, ameshika shilingi elfu nane zilizokunjwa. Yake ilikuwa televisheni ya chogo, na daftari lilisema: "imepona, 8,000". Hakuwa ameisahau hata siku moja. Siku ile alipoambiwa bei hakuwa na pesa, akaona aibu kurudi, na aibu ikakomaa. Aliniambia kwamba kwa miaka mingi alipokwenda sokoni alizunguka mtaa wa nyuma ili asipite mbele ya nyumba yetu. Kwenye maziko alikuwepo. Baba mdogo alipotangaza, aliinamisha kichwa.

Kumbe muda wote sisi tulijiona tumeshika mali yake, na yeye alijiona ameshika yetu. Nikafikiri juu ya hoja ya kaka. Ukimya wa mtu tunausoma kama ruhusa: hakuja, basi hataki. Lakini mtu anaweza asije kwa sababu hana nauli, kwa sababu amehama, amekufa, au anaona haya. Tangazo la ukutani halimfikii hata mmoja wao.

Jambo gumu zaidi lilikuwa redio ya Mama wa Barabara ya 12. Ilikuwa National ya zamani, ya mkanda wa ngozi, na nilipoinyanyua ilikuwa nyepesi mno. Nikaifungua. Haikuwa na spika. Nikarudi kwenye daftari na kukuta mstari mdogo pembeni: "spika imekwenda kwa Mwalimu. Nimlipe mama." Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baba alikuwa na daftari, na mali ikapotea vilevile, ila safari hii habari ilibaki.

Nilikaa na mstari ule siku nne. Naukubali udhaifu wangu: nilifikiria kuuacha. Yule mama asingejua kamwe, na mtu pekee aliyekuwa na cha kupoteza ni baba, ambaye jina lake lilikuwa safi mtaani. Niliona kana kwamba kumlinda yeye nako ni amana. Mwishowe nilimwonyesha mama daftari. Alisoma, akalifunga, akasema, "Deni la marehemu hulipwa kabla ya kugawana urithi. Wewe umeshachukua chumba."

Mama wa Barabara ya 12 yu hai. Nilimwamkia, akanikaribisha kibarazani, nikamweleza yote bila kupunguza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba yako tukikutana alikuwa akiniamkia ameinama sana. Mimi nikidhani ni adabu." Akacheka, akafuta macho. Halafu akasema, "Nimemsamehe, mjukuu wangu. Lakini redio naitaka."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko ukurasa wowote wa Kant. Nilikwenda nikitumaini kwamba akisamehe tutakuwa tumemaliza. Yeye alinitenganishia vitu viwili nilivyokuwa nimevichanganya: msamaha ulikuwa kati yake na baba, na spika ilikuwa bado haijarudi. Nilinunua spika, rafiki wa zamani wa baba akaifunga, na nikampelekea redio yake ikiongea.

Banda sasa lina rangi nyeupe, dari, taa mbili na feni. Vitu 14 vimerudi kwa wenyewe. Wenye vitu sita walisema tuuze, tukauza. Vilivyobaki 23 viko kwenye rafu niliyoijenga ukuta mzima wa nyuma, ndiyo maana meza yangu ni fupi kuliko nilivyopanga. Orodha yake nimeibandika msikitini na kwa mwenyekiti wa mtaa. Katika sheria ya Kiislamu kitu kilichookotwa hutangazwa mwaka mzima. Hivi havikuokotwa, lakini nimekiazima kipimo hicho, kwa sababu naamini mtunzaji hadaiwi kutunza milele. Anadaiwa kumtafuta mwenyewe kwa bidii ileile ambayo angetaka atafutwe yeye. Kukaa na vitu vya watu kimya kimya, hata kama hujavigusa, hakutoshi.

Fundi rangi aliniuliza kama afute maandishi mekundu ya ukutani. Nilimwambia ayafute. Baba mwenyewe hakuwahi kuyafuata.

Tasnifu imechelewa kwa wiki sita. Msimamizi wangu alipouliza nilikuwa wapi, nilimjibu kwamba nilikuwa nasoma daftari.