Msiuhukumu Uvimbe kwa Mahali Ulipoketi

Ndugu zangu mliovaa makoti meupe, nanyi wazazi mnaobeba watoto wenye matumbo yaliyojaa, nisikilizeni.

Mwaka 1957, pale Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa amtazame mtoto aliyevimba taya zote, kushoto na kulia, juu na chini. Hakuelewa. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani: mtoto mwingine, uso uleule. Wangapi wangeendelea na raundi! Yeye akatoka, akamshika tumbo, akakuta na humo mna uvimbe. Huyu mtu alipoteza jicho moja tangu utotoni, na hilo lililobaki likaona walichokipita wenye mawili.

Akarudi kwenye majalada ya Mulago. Huku saratani ya figo, kule ya ovari, pale ya taya. Kila mtoto na jina lake, kwa kadiri ya kiungo kilichovimba. Kumbe ugonjwa ulikuwa mmoja: limfoma, saratani ya chembe za limfu, ile iitwayo leo ya Burkitt.

Basi mbona tungali tunaandika majina kwa kubahatisha? Mtoto amevimba tumbo. Nyumbani wakasema bandama, akachanjwa chale. Zahanati wakampa dawa ya minyoo. Altrasaundi ikaonyesha bonge karibu na figo, na kalamu ikakimbia: saratani ya figo, apasuliwe. Simameni hapo! Saratani ya figo ya watoto huhitaji kisu. Limfoma hii hunyweshwa dawa ikanywea; miaka ya 1960, palepale Kampala, siklofosfamaidi iliupunguza uvimbe ndani ya siku chache. Ukiing'oa figo kwa ajili yake umemwibia mtoto, na dawa inasubiri kidonda kipone. (Utumbo ukiziba, pasua. Hapo sibishani.)

Na watu wazima je? Limfoma ya utumbo huvaa sura ya saratani ya utumbo mpana, au ya TB ya tumbo, na mgonjwa akameza dozi ya miezi 6 isiyomhusu.

Wala msimwambie mama arudi wiki ijayo. Uvimbe wa Burkitt waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Jumatatu ataleta tumbo jingine kabisa.

Chukueni kinyama cha uvimbe kikapimwe! Chini ya darubini chembe za limfoma hii husongamana, nyeusi kama anga la usiku, na katikati yake seli kubwa zenye weupe zimetawanyika kama nyota. Saratani ya figo haina anga hilo. Majibu yakitoka, tangulizeni dripu za maji na alopurino (dawa ya kuzuia asidi ya yuriki) kabla ya tone la kwanza la dawa ya saratani, maana uvimbe ukifa kwa mkupuo taka zake huziangusha figo zilezile mlizoziokoa.

Lakini ili majibu yapatikane, kinyama kikae ndani ya fomalini ya kutosha. Kikiachwa kikavu kitaoza njiani. Jina liandikwe kwenye kopo lenyewe, maana mifuniko hubadilishana. Jazeni fomu yote: umri, kijiji, uvimbe ulianza lini, taya zikoje. Kisha mtafuteni mtu anayepanda basi la alfajiri kwenda maabara ya mkoani, na kopo alipakate mwenyewe. Lisiende kwenye buti.